Mkulima wa Tumbaku wa Hatta

Alikuwa akipiga kwa chochote kilicho karibu. Akiwa mezani, sahani iliruka. Akiwa anamwagilia, mpira wa maji ulikuchapa mgongoni kabla hujajua umekosea nini. Siku ya kwanza nilipofika kwake, begi langu bado liko mkononi, nilimkuta anamkimbiza mfanyakazi mmoja wa Kibangladeshi katikati ya mistari ya tumbaku, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Aliponiona alisimama, akaivaa ile ya pili, akanisalimu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka.

"Karibu, mwanangu. Ushakula?"

Nikamwambia bado.

"Basi ingia ndani ule. Mie namaliza hapa, nakuja."

Akaivua tena ile kandambili, akaendelea na kazi yake.

Watu wakisikia Dubai wanafikiria maghorofa. Dubai yangu ya miaka ya mwanzo ilikuwa mitende, mawe, mbuzi na tumbaku, kwa sababu Hatta, ingawa ni ya Dubai, iko juu milimani, mbali na bahari na mbali na taa. Nilikuja kumtunza mke wake, Bibi, ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Wafanyakazi walimwita yule mzee Arbab, yaani bosi. Bibi alimwita "we mwanamme." Mimi nilimwita Babu, maana umri wake haukuniruhusu vingine. Hapa nitamwita mkulima, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichokubali kuwa. Kiswahili alikichukua Unguja ujanani mwake. Nilimuuliza mara moja alikuwa akifanya nini huko, akanirushia kijiko, sikuuliza tena.

Alikuwa mfupi, mkavu, na viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa tumbaku, weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Ukitaka kujua alikopita ndani ya nyumba ulitazama milango. Kila mlango ulikuwa na alama ya kiganja, na kila mara Bibi alinituma nizifute, na kila mara zilirudi.

Tumbaku yake ilikuwa ile ya wavutaji wa kiko kidogo, watu wanaovuta pumzi moja au mbili kisha wanashika ukuta wasianguke. Hiyo haikaushwi kwa moto. Inakatwa, inaachwa inyauke, inaanikwa kivulini bandani mpaka upepo wa mlimani uimalize, na inabaki na ukijani wake. Kwetu Urambo mambo ni mengine. Sisi tunajaza majani ndani ya bani, yale mabanda ya kukaushia, tunachochea kuni kwa siku kadhaa, tunalinda moto kama mtu anayelinda mgonjwa, mpaka majani yageuke rangi. Nilipomweleza hivyo mkulima alitema mate pembeni.

"Nyie mnabanika samaki," alisema. "Hamkaushi tumbaku."

Alipotaka kujua kama jani limekuwa tayari alilitafuna. Alitafuna, akatulia, akatema, na kama halikuwa tayari na wewe ndiye uliyemwambia liko tayari, ulitakiwa uwe umeshaanza kukimbia. Kuvuta, Bibi alimkataza. Kwa hiyo alikuwa akijificha nyuma ya tangi la maji na kiko chake, anavuta haraka haraka, anapepesuka, anapepea moshi kwa kilemba. Mtu aliyeogopwa na bonde zima alimwogopa mwanamke asiyeweza kusimama. Bibi akisikia harufu alirusha kiatu bila kutazama, na mara nyingi kilimpata.

Hadithi ya bega la shemeji wa mkulima nilisimuliwa na Bibi mwenyewe, huku akicheka mpaka anatokwa machozi, na huyo shemeji ni ndugu yake wa tumbo moja. Maji ya Hatta yalikuwa yakija kwa mfereji wa mawe kutoka mlimani, na kila shamba lilikuwa na zamu yake. Shemeji alifungua mlango wa maji kabla zamu ya mkulima haijaisha. Alidhani mzee amelala. Mkulima alitokea kwenye mitende na koleo la udongo, akampiga nalo mara moja begani, mfupa ukavunjika, kisha akafunga mlango wa maji, akaendelea kumwagilia kana kwamba ameua nzi. Lakini muda wote shemeji alipokuwa amefungwa bega, mkulima ndiye aliyemwagilia mashamba yote mawili. Shemeji alipopona akaja kushukuru, akafukuzwa kwa koleo lile lile.

Ndivyo alivyokuwa. Kipigo chake ulikizoea, huruma yake hukuizoea. Alikuwa na msemo wake: "Ondoka mbele yangu kabla sijakuonea huruma." Wageni walicheka, sisi tulioishi naye tuliondoka kweli. Mimi alinipiga kofi siku moja kwa sababu nilifua shati lake la shambani, lile lililokuwa limekauka kwa utomvu mpaka linasimama lenyewe. Alisema nimelivua ngozi yake. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikamwambia hata baba yangu mzazi hakuwahi kunipiga namna ile.

"Ndo maana hujui kufua," alinijibu.

Jioni akaja jikoni na komamanga, amelimenya mwenyewe kwa vile vidole vyeusi, punje zote ziko kwenye bakuli. Akasimama juu yangu, mikono kiunoni, mpaka nikala punje ya mwisho. Sikutaka kula. Nilikuwa nalia na kutafuna. Hasira ya kofi iliniisha siku ile ile, ya komamanga ninayo mpaka leo.

Mbuzi wa jirani aliingia shambani, akala mstari mzima wa miche. Mkulima alimchinja palepale, katikati ya matuta, akisema bismillahi kwa sauti ya matusi. Kisha akamgawa vizuri, mapaja mawili akampelekea mwenye mbuzi, na kichwa akakitundika kwenye uzio ili mbuzi wengine wasome. Jino lilipomuuma alilitoa kwa koleo la kung'olea misumari, mbele ya kioo cha pikapu yake, akalitupia kuku. Sikuwahi kuona mtu mwenye ugomvi na mwili wake mwenyewe kama yeye.

Lakini uongo hakuwa nao. Hilo ndilo lililonifanya nimheshimu, na ndilo lililoniuma zaidi baadaye. Hatta siku hizi ni ya watalii. Wanakuja kupiga makasia bwawani, kupanda milima kwa baiskeli, kulala kwenye mahema ya kifahari. Mmoja alirusha kile kidude chenye mabawa kinachopiga picha kutoka angani, kikaja kuning'inia juu ya tumbaku kikivuma. Mkulima alikitungua kwa jiwe. Akaja polisi kijana, mwenye adabu, akataka kumsaidia mzee.

"Labda kilianguka chenyewe, Baba?"

"Hakikuanguka," alisema. "Nimekiangusha mie. Na kikirudi nakiangusha tena."

Akalipishwa, akalipa, akarudi akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara akimaliza aliniuliza, "Ushapata kunisikia nikisema uongo, we?" Sikuwahi.

Sasa nije kwa kaka yangu, maana bila yeye nisingeandika habari za mtu huyu, ningemwachia Mungu.

Kaka ni mkubwa wangu, mpole kupita kiasi, na kwetu alikuwa akisomesha watoto Kurani kwenye uwanja wa nyumba yake. Mvua zilikuwa zimemharibia misimu ya tumbaku, watoto wake wanakua, akataka kutoka. Nikamwendea mkulima.

"Babu, ninaye kaka. Tumbaku anaijua."

"Anajua kubanika samaki."

"Atajifunza."

"Akinambia moto nitamtia mwenyewe motoni." Kisha akampa viza.

Nilitegemea atampiga wiki ya kwanza. Hakumpiga. Alimsikia akisoma Kurani alfajiri moja bandani, akasimama nje ya mlango na kandambili zake mkononi mpaka kaka akamaliza. Tangu siku hiyo akamwita Mwalimu. Aliswali nyuma yake, alimkatia nyama kwenye sinia, alimfundisha kulitafuna jani na kulitema. Wanawe wa kuwazaa, ambao walikuja kutoka mjini Ijumaa kwa Ijumaa na magari yenye viyoyozi, hakuwahi kuwatazama vile. Wafanyakazi wengine walimsogelea kaka kila mkulima alipokasirika, maana ubavuni mwa kaka hakupigwa mtu.

Ikaja mvua. Hatta mvua inaponyesha kweli, bonde linageuka mto wa mawe, barabara inakatika. Mkulima alikuwa ameenda mjini kwa mwanawe, akakwama ng'ambo ya maji. Bandani tumbaku ya mwaka mzima ilikuwa imeanikwa, na unyevu ukaingia. Majani yakaanza kulegea, yakatoa ile harufu ya uvundo ambayo mtoto yeyote wa mkulima wa tumbaku anaijua, harufu ya njaa. Kaka alihangaika nayo, akayageuza, akayatenganisha, wapi. Basi akafanya kitu ambacho mtu wa Urambo yeyote angefanya. Alichimba shimo katikati ya banda, akawasha moto mdogo wa magogo ya mgunga, moto wa chini, wa kitaalamu, akaulinda. Asubuhi alikuja kwenye dirisha la jikoni, macho mekundu kwa moshi, amefurahi kama bwana harusi.

"Dada, nimeiokoa."

"Alhamdulillahi," nikamwambia, maana hata mimi nilisikia ile harufu ya nyumbani, nikaona raha.

Tumbaku ile ikishika moshi imekufa. Mnunuzi wa Al Ras, sokoni mjini, akiinusa anaifunga tena na kukurudishia. Mkulima alitufundisha mwenyewe, tulimsikia, lakini kilichoingia utotoni hakitoki kwa kusikia tu.

Maji yalipungua, mkulima akafika adhuhuri. Mimi nilikuwa chumbani namwogesha Bibi. Nilisikia pikapu, nikasikia mlango wake, kisha sikusikia kelele zozote, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa amenusa tangu getini.

"Nani kawasha moto?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida kabisa.

"Mimi, Babu. Majani yalikuwa yanaoza, nikasema..."

Nikasikia mlio. Ni mlio wa kitu kigumu kikimpata mtu, ukiusikia mara moja unaujua. Bibi akanikamata kifundo cha mkono. Miguu hakuwa nayo, lakini mikono ile ilikuwa na nguvu za maisha mazima.

"Usende," akasema. "Atakuua na wewe."

Nilimvuta, nilimbamiza ukutani, mzee wa watu, ana povu la sabuni, nikatoka. Nilipofika nje yalikuwa yameisha. Kaka yuko chini mlangoni mwa banda, uso wote damu, na pale penye jicho la kushoto palikuwa si mahali pa kutazama. Mkulima amesimama na mpini wa jembe usio na jembe. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemuuliza nani kawasha moto. Sikuona pigo hata moja, na mwingine wa kuona hakuwepo. Nataka hilo lieleweke, maana ndilo lililotufunga wote.

Aliutupa mpini, akambeba kaka kama mtoto, akamlaza pikapu kichwa kikiwa mapajani mwangu, akaendesha kwenye matope na mawe kama kichaa. Njia nzima alipiga usukani kwa ngumi na kumtukana.

"Usife, mbwa we! Ukifa ntakuua! Wanisikia, Mwalimu? Usithubutu kufa!"

Hospitali wakauliza imekuwaje. Kaka, damu bado inamchuruzika, hakuna aliyemtuma, akasema ameanguka kutoka juu ya paa la banda. Aliogopa kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Mkulima alikuwa amesimama karibu yangu, amesikia kila neno. Mtu aliyeshindwa kudanganya kwa ajili ya kidude cha mtalii alitazama sakafu, akanyamaza.

Jicho likapotea. Kaka alikaa mpaka kidonda kikafunga, akarudi Urambo na zawadi alizopewa na mkulima, mablanketi, tende, viatu vya watoto wote. Aliwagawia watoto viatu, mablanketi akayaacha kwenye kona.

Kumbe maneno yalikuwa yamemtangulia. Mtu mmoja wa kwetu aliyekuwa akifanya kazi Al Ras alikuwa amerudi likizo, akasimulia: amesikia jamaa kaanguka kwenye paa. Paa lenyewe fupi, mtu mzima na akili zake anaangukaje mpaka anapoteza jicho? Lazima alikuwa amelewa. Dubai hiyo, mnajua wenyewe. Basi ikawa hivyo. Kaka alipoifungua tena madrasa yake, wazazi wakaanza kuwaondoa watoto, mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja na sababu yake. Kaka akaamua kusema ukweli, wakamwambia si ulisema mwenyewe ulianguka? Mimi nikapiga simu kuapa, wakauliza, ulimwona akimpiga? Sikumwona. Tena wewe ni dada yake. Mwana mkubwa wa kaka, Idrisa, ambaye ni mnywaji kweli, alipokemewa siku moja akamjibu baba yake mbele ya watu, "Mimi angalau nakunywa na macho yangu yote mawili yapo." Kaka aliponisimulia hilo alicheka. Nililia mimi.

Bibi alifariki, nami nikaondoka Hatta. Siku hizi nasafisha vyumba vya hoteli, naishi Al Nahda, chumba kimoja na Njeri, Mkenya, mlinzi kwenye duka kubwa. Mwaka huu kaka akapata habari kwamba mkulima ameanguka kweli, si paa, ni mwili umemwangusha, na hatafika mbali. Akanipigia.

"Dada, nenda kabla hajaondoka. Radhi yake siitaki. Jicho langu nimemsamehe zamani. Aseme tu, watu wasikie. Mtu mwingine wa kusema hayupo."

Njeri alinitazama navaa, akatikisa kichwa.

"Wewe uko serious? Huyo mzee si wa kutembelewa, ni wa kushtakiwa."

"Kaka hataki kesi."

"Basi hakikisha simu iko na charge, na usikule kitu huko."

Nilipanda basi la Hatta asubuhi ya siku yangu ya mapumziko. Shamba lilikuwa limekatwa nusu, wanawe wamejenga vibanda vya watalii na bwawa la kuogelea. Nusu iliyobaki ilikuwa bado tumbaku, imesimama vizuri, safi, na mkulima alikuwa amelazwa kitandani barazani, uso ameugeuzia huko. Mfanyakazi aliyenifungulia alikuwa na chai kifuani. Alikuwa ametoka kurushiwa kikombe.

"Shikamoo, Babu."

Alinitazama. Alikuwa amekwisha, ngozi na mifupa, ila viganja vilikuwa vile vile.

"Marahaba. Umenona. Ushakula?"

"Sikuja kula, Babu. Nimekuja kwa ajili ya kaka."

"Mwalimu hajambo?"

"Ana jambo. Ndiyo maana nimekuja."

Nikampigia kaka kwa video. Alikuwa ameketi uwanjani kwake, pale alipokuwa akisomeshea watoto, na nyuma yake niliona watu: wazee wa mtaa, imamu, majirani, na Idrisa ameegemea ukuta amekunja mikono. Kaka alikuwa amewaita. Nikaweka spika, nikaiegemeza simu kwenye birika la maji, ielekee kitandani. Nikamwambia mkulima ni akina nani, sikumficha kitu.

"Sema ulichomfanyia. Basi, mimi naondoka."

Akageuza uso ukutani. "Mie sijapata kumwomba mtu radhi tangu nizaliwe. Sianzi leo."

"Hakuna aliyekutaka uombe radhi. Sema tu ulimpiga."

"Ni mamoja."

"Si mamoja! Kwao wanasema alikuwa amelewa. Wanawe wenyewe wanamwita mlevi. Wanafunzi wamemkimbia."

Hapo akageuka. Macho yalimtoka. "Mlevi? Mwalimu? Nani kasema? Nani huyo? Mleteni hapa!" Akaanza kupapasa kando ya kitanda atafute cha kurusha. "Mleteni nimvunje taya!"

"Wamesema wote, Babu. Kwa sababu wewe ulinyamaza."

Mkono ukasimama. Kisha alichokipapasa akakipata, ile fimbo ya kutembelea, ya bati, aliyopewa hospitali, akanielekezea mshiko wake.

"Kamata."

"Ya nini?"

"Kamata, nnakwambia. Jicho hunitoi, roho hiyo huna. Lakini nipige utakavyo, tutoke sawa. Neno halitoki. Piga."

"Dada, hapana," kaka akasema kwenye simu. "Mimi sikutuma mtu akampige mgonjwa."

Niliichukua. Nitasema ukweli, sikuichukua kwa ajili ya kaka. Niliichukua kwa sababu nilikuwa nimeitaka kwa miaka, na mkono wangu uliijua kabla yangu. Nikampiga pajani, juu ya shuka.

"Huko ndo kupiga?" akasema.

Nikampiga tena, begani.

"Wafuta vumbi? Hotelini kumekuharibu. Piga!"

Nikanyanyua juu zaidi, nikampiga mkononi, fimbo ikalia kwenye mfupa. Kaka alikuwa anapiga kelele kwenye simu, niache, niache, na watu nyuma yake wamesimama. Mkulima hakuwasikia. Uso ulikuwa umempanda damu, amejiinua kwa kiwiko, mishipa ya shingo imemsimama, ni yule yule wa kwenye mistari ya tumbaku, anayeona kazi inafanywa vibaya na hawezi kuvumilia.

"Si hivyo! Si hivyo, mwana kulaaniwa we! Nyanyua! Mikono miwili! Mie nilimpiga kwa mpini wa jembe, mikono miwili, ya kwanza ya ubavu, ya pili kakinga kwa mkono, ya tatu ndo ilompata jicho. Ashapiga magoti! Ananambia Babu, Babu, nami nampiga! Kinywani hana kitu ila jina langu, hana pombe, hana nini, nami nampiga! Hivyo ndo kupiga! We wanifanyia mzaha!"

Akaishiwa pumzi, akalala chali.

Kwenye simu jogoo aliwika huko Urambo, mchana kweupe. Watu walikuwa wamesimama vile vile, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha nikaisikia sauti ya Idrisa, imebadilika, ya kama mtu aliyekabwa.

"Shangazi. Tumesikia."

"Tumesikia sote," imamu akasema.

Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, ameliziba lile jicho moja kwa kiganja. Mwanawe alikuja akachuchumaa nyuma yake, hakujua pa kuweka mikono, akaishia kumshika kanzu.

Mkulima akageuza kichwa polepole, akaitazama simu pale kwenye birika. Nadhani ndipo alipokumbuka ipo.

"Mwalimu yupo hapo?" aliniuliza.

"Yupo."

"Kanisikia?"

"Amekusikia."

Akafumba macho. "Khalas," alisema, kwa sauti ndogo.

"Khalas, dada," kaka naye akasema, analia. "Imetosha. Weka chini. Mwache Babu apumzike."

Nilimsikia. Wote nilikuwa nawasikia. Lakini fimbo ilikuwa bado juu, nimeishika kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, na mkulima, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa amejikinga uso kwa vile viganja vyeusi. Nilikaa hivyo namtazama. Sikuwa na haraka ya kuishusha.